Je, Sisi Ndio Wale Tisa?



Jumapili moja katika majira haya ya mvua, baada ya misa, tulisimama chini ya paa la shule pamoja na watu wengine, tukingoja mvua ipungue. Siku hiyo ilikuwa imesomwa ile habari ya wenye ukoma kumi walioponywa njiani, akarudi mmoja tu kutoa asante. Mzee mmoja wa kartie yetu, mtu wa heshima aliyefanya kazi ya tanuru miaka mingi, akatugeukia akasema mbele ya watu wote: "Ninyi watu wa chama ndio wale tisa. Kila gazeti lenu ni kulia. Serikali hivi, mashirika vile, umeme hakuna, barabara hakuna. Siku gani mtaandika vile mlivyopewa?"

Watu walicheka. Hatukumjibu, kwa sababu kwetu mtoto hamjibu baba mbele ya watu, na kwa sababu nyingine pia: neno lile lilituchoma. Tulikumbuka magazeti yetu ya mwaka mzima. Ni kweli, ni vigumu kupata humo mstari mmoja wa furaha. Mtu akiyasoma bila kutujua atadhani sisi wa Karavia hatuli, hatuoi, hatuzai, wala hatuchezi ngoma.

Basi tulirudi nyumbani tumelowa, tukatwaa daftari. Kazi yetu ni ukarani. Tangu asubuhi hata jioni twaandika kilichoingia na kilichotoka. Tukapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto tukaandika neema tulizo nazo. Upande wa kuume tukaandika: imetoka kwa nani. Kwa maana kazini hakuna gunia linaloingia daftarini bila jina la aliyelileta, na karani anayeacha upande huo mtupu huulizwa na mkubwa wake, tena huulizwa kwa ukali.

Leo twawasomea daftari hilo. Maisha yetu hayana ajabu lolote. Twaamini lenu lingefanana nalo.

La kwanza tuliandika uhai. Mwaka huu nyumba yetu haikuzika mtu. Mtoto wetu wa tatu alishikwa na malaria usiku, mvua inanyesha, umeme umekatika, naye anatetemeka hata kitanda kinalia. Jirani alitoa pikipiki yake bila kuuliza mafuta yatalipwa na nani. Muuguzi wa zahanati ndogo aliwasha tochi ya simu, akamchoma sindano, akasema pesa mtaleta mwisho wa mwezi. Upande wa kuume tukaandika: Mungu, jirani, muuguzi. Twasema kweli, tulitafuta nafasi ya kuandika jina la mkubwa yeyote katika habari ya usiku ule, hatukuipata. Hata mashimo ya njia ile yalikuwa yamejazwa kokoto na vijana wa mtaa, wale wanaonyosha mkono kwa kila gari lipitalo ili wapate franga kidogo.

La pili, nyumba. Mwayajua matofali ya Katanga: udongo wa kichuguu, maji, mikono, halafu moto wa kuni siku mchana na usiku. Vichuguu vya kwetu ni vikubwa kuliko vibanda vya watu, na udongo wake ni mzuri kwa sababu mchwa wamekwisha kuukanda kabla yetu. Matofali yetu tuliyachoma wenyewe pamoja na shemeji wawili. Mabati yalikuja kidogo kidogo kwa likelemba ya mama wa nyumba. Wanawake kumi na wawili wa soko, kila juma kila mmoja hutoa, na mmoja hubeba zote. Zamu ya kwanza ilileta mabati sita. Zamu ya pili ililiwa na ugonjwa. Zamu ya tatu ilileta mabati manne na misumari. Chumba cha nyuma kilikaa mwaka na nusu chini ya turubai. Leo mvua ikinyesha twalala, na mlio wake juu ya bati ni mzuri kuliko redio. Upande wa kuume: mchwa (msicheke), shemeji, wanawake wa likelemba. Katika wanawake hao hakuna hata mmoja aliyekimbia na pesa za wenzake kwa miaka yote hiyo, wala hawana sheria iliyoandikwa, wala askari, wala waziri.

Chakula nacho ni neema. Bukari ipo, sombe ipo, samaki wadogo wapo siku za mshahara, na mvua zikianza wanakuja vinkubala na uyoga. Lakini hapa daftari letu lilianza kuwa na maneno mengi. Sehemu kubwa ya unga tunaokula hupita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame mkubwa uliipata Zambia hata serikali ya huko ikautangaza kuwa msiba wa taifa zima, na sisi tuliusikia ukame ule ndani ya sufuria zetu. Nendeni Kasumbalesa mkatazame. Malori ya shaba yamepanga mstari yakitoka, malori ya chakula yamepanga mstari yakiingia. Mwaka huo huo wa 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Nchi ya pili kwa shaba yaomba unga kwa jirani! Udongo upo, mvua ipo, majembe yapo. Nyumba yetu ilipita miezi ile kwa sababu mama watoto ana shamba nje ya mji, na huondoka alfajiri na mtoto mgongoni. Tukaandika jina lake. Tukaona aibu kidogo, maana hatukuwahi kuliandika mahali popote isipokuwa katika karatasi za shirika, panapoulizwa mke ni nani.

Shule. Hapa twataka kuwa watu wa haki, maana gazeti lisilo na haki ni tarumbeta tu. Tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019 serikali ilisema masomo ya msingi katika shule za umma ni bure. Watoto wetu wawili wamo, na ile pesa ya walimu tuliyokuwa tukitoa kila mwezi kama wazazi hatuitoi tena. Basi tuliandika upande wa kuume: Serikali. Tuliiandika kwa herufi kubwa, mtu asije akasema tumeificha. Ni kweli pia kwamba madarasa yalijaa hata watoto wakakaa chini, na kwamba mwalimu asiyepata mshahara wake kwa wakati hawezi kufundisha vema. Hayo tuliyaandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Mstari wenyewe ulibaki wa wino.

Na elimu yetu wenyewe tuliipata kwa mapadri. Walitufundisha hesabu, Kifaransa na kutoandika uongo katika daftari. Walikuwa wakali, na chakula cha bweni kilikuwa maharage yenye wadudu, lakini asante yao ipo. Aliyelipa alikuwa baba yetu, kwa makala aliyoyachoma porini na kuyaleta mjini kwa baiskeli, magunia matatu kwa safari, akisukuma, maana kwa mzigo ule hakuna mtu anayepanda. Twamwandika wa kwanza, mapadri wa pili. Twadhani wao wenyewe wangekubali.

Kisha tukafika kwenye kazi. Hapo kalamu ilisimama.

Kuwa na kazi ni neema, hatukatai. Katika barabara yetu wako vijana wenye diploma ya Serikali wanaouza vocha za simu juani. Wako wengine wanaoingia mashimoni kuchimba kwa mkono, na siku ya mvua mama zao hawalali. Sisi mwisho wa mwezi twapata kitu. Upande wa kuume tuliandika kwanza: shirika. Tukatazama neno hilo kwa muda. Tukalikata.

Kwa nini tulilikata? Kwa sababu mshahara si zawadi. Yule anayelipwa tarehe 30 amekwisha kutoa siku zake zote za mwezi kabla ya kupokea hata franga moja; yeye ndiye aliyemkopesha mwenzake. Na wale wenzetu walioajiriwa kwa mikono ya makampuni ya kati, ambao mkataba wao huisha na kuanzwa upya kama mchezo wa watoto, wao wanakopesha bila hata kujua kama mdeni atakuwapo kesho. Neno "shukuru una kazi" twalisikia wapi zaidi? Kanisani hatulisikii sana. Twalisikia mtu anapouliza viatu vya kazi. Twalisikia mtu anapouliza kwa nini saa za usiku hazikuhesabiwa. Hapo ndipo wakubwa wanapokuwa wahubiri.

Jambo hili si jipya katika mji wetu. Wazee husema: Union Minière ilitupa posho, hospitali, nyumba, shule, mpira. Ni kweli, na twaomba vijana wasiwacheke. Shirika lile lilizaliwa mwaka 1906. Hapo mwanzo lilichukua watu kutoka mbali kwa muda mfupi, wakafa wengi, wakatoroka wengi. Ilipokaribia miaka ya 1930 liliona ni faida zaidi kumweka mtu na mke wake na kumlea mtoto wake kambini awe mfanya kazi wa kesho. Unga, nyama na chumvi viligawanywa kwa kipimo. Mwaka 1957 likatoa na gazeti lake, Mwana Shaba, lenye picha za watu safi wanaocheka. Wazee wengine wakaja kuliita shirika baba. Na baba huyo alikuwa na sharti moja tu: mtoto asiulize.

Desemba 1941 waliuliza. Ilikuwa wakati wa vita ya Wazungu. Kazi iliongezwa, vitu vilipanda bei madukani, wakaomba mshahara uongezwe. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa hapa Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville siku zile, askari waliwapiga risasi. Walikufa makumi ya watu, na Léonard Mpoyi, kiongozi wao, akiwamo. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa kwetu, aliichora siku ile ili watu wasiisahau. Basi twauliza kama makarani: katika hesabu ya posho, damu ile iandikwe upande gani?

Wana wa Israeli walipokuwa jangwani walitamani masufuria ya nyama ya Misri. Mapadri walitueleza kwamba walikuwa watu wasio na shukrani. Tulipokuwa wadogo tuliamini. Sasa tumekuwa na watoto twaona kwamba walikuwa na njaa tu, na mwenye njaa hukumbuka sufuria, hakumbuki fimbo. Wazee wetu ni hivyo hivyo. Lile shirika la Serikali lililorithi migodi mwaka 1967, Gécamines, lilitoa mwaka 1986 zaidi ya tani 470,000 za shaba, na mwaka 1994 halikufikisha hata 50,000. Mwaka 2003 watu 10,655 waliondolewa kazini kwa mpango uliopewa fedha na Benki ya Dunia, na mpango huo ukaitwa kuondoka kwa hiari. Hiari! Mtu ambaye hajalipwa miezi mingi, ukimwekea karatasi mezani na pesa juu yake, aipime hiari yake kwa mizani gani? Hapo ndipo kumbukumbu ya posho ilipokuwa tamu kuliko posho yenyewe.

Nayo shaba imerudi. Tani za mwaka 2024 ni zaidi ya mara sita ya zile za 1986. Ndugu msomaji, tembea mwenyewe kambini, uangalie hospitali, shule na mabomba ya maji, useme kama navyo vimerudi mara sita.

Tulipofika hapo tulikumbuka tarehe 30 Juni 1960. Siku ile kule Léopoldville zilisomwa hesabu mbili mbele ya watu wamoja. Mfalme Baudouin alisimama akahesabu vile Ubelgiji ilivyotupa, akamsifu Léopold II kuwa ndiye aliyeianza kazi hiyo. Alitaka asante. Lumumba akasimama naye akahesabu: kazi ya kulazimishwa, mishahara isiyoshibisha, matusi, mapigo ya asubuhi na jioni. Wazungu wakasema hana adabu, siku ya karamu hawaleti deni. Miezi saba haikupita, tarehe 17 Januari 1961, aliuawa porini si mbali na mji wetu huu, pamoja na Mpolo na Okito. Hatusemi haya ili kufufua magomvi ya vyama vya zamani. Katika Karavia wamo watoto wa kila upande. Twasema tu kwamba tangu siku ya kwanza ya uhuru, mtu mweusi aliyeleta safu ya pili ya daftari aliitwa asiye na shukrani.

Sasa turudi kwa wenye ukoma. Yule mmoja alirudi kwa nani? Alirudi kwa yule aliyemponya. Haikuandikwa kwamba alikwenda kumshukuru mkubwa wa kijiji, aliyekuwa amewafukuza wakakae nje ya mji na kupiga kelele kila wakiona mtu. Tena jambo jingine, ambalo mzee wetu labda hakulitazama: wale tisa walikuwa wakienda wapi? Walikuwa wakienda kujionyesha kwa makuhani. Walioshika njia ya kwa wakubwa bila kugeuka nyuma ni wao!

Tuliendelea na daftari usiku huo mpaka mshumaa ukapungua. Maana tulikuwa tukiandika kwa mshumaa. Umeme ulikuwa umekwenda tangu saa kumi na mbili jioni. Waya wa Inga mpaka Kolwezi, urefu wa kilomita 1,700 hivi, ulimalizika mwaka 1982 ili mashine za shaba zipate nguvu, nao hupita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Katika nchi nzima ni kama mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme. Sisi wa Karavia twahesabiwa katika hao wenye bahati. Ukisimama karibu na ziwa usiku wa kukatika, utaona taa za hoteli kubwa yenye jina moja na kartie yetu zikicheza juu ya maji, nasi tumo gizani tukizitazama. Ni nzuri, hatusemi uongo. Tuliandika: taa za hoteli, kuzitazama, bure.

Ya mwisho tuliyoandika ni amani, na hiyo tuliiandika kwa woga. Januari 2025 Goma ilitekwa, na Februari Bukavu. Tuna wenzetu kazini ambao ndugu zao wako huko, na kwa siku nyingi walishinda na simu mkononi bila kupata sauti. Sisi tulilala usingizi. Je, mtu ahesabu usingizi wake kuwa neema wakati mwenzake analala chini ya kitanda? Tuliihesabu, lakini hatukuisoma kwa sauti. Na Katanga isijisifu. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakakaa kwenye stesheni na watoto wao wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa. Waliofanya hivyo walikuwa majirani, wakisukumwa na wanasiasa. Kwa hiyo upande wa kuume wa amani hatukuandika askari wala gavana. Tuliandika: majirani ambao hawakusikiliza. Watu hao twawaombea kila siku, maana uchaguzi ukikaribia hupewa tena sababu za kusikiliza.

Jumla ilikuwa mistari ishirini na mitatu. Mungu alikuwa katika yote, hivyo hatukumhesabu peke yake. Mama wa nyumba alikuwa na mistari sita. Wazazi wetu mitatu. Majirani na jamaa kumi na mmoja. Mapadri mmoja, Serikali mmoja, mchwa mmoja. Tulihesabu mara mbili, kama desturi yetu. Asante yetu ni kubwa kuliko tulivyodhani, na njia yake ni fupi: nyingi ya hiyo yaweza kupelekwa kwa miguu, bila kutoka katika kartie.

Na deni nalo lipo, halipungui kwa kuwa tumeshukuru. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 haikusema wakubwa wakipenda watatupa. Imesema kodi ile inayotozwa madini yauzwapo igawanywe: sehemu 50 kati ya 100 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sheferi ambayo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo si sadaka, hatuombi tukipiga magoti. Twadai karatasi moja tu: kila komini yenye mgodi ibandike ukutani, mahali ambapo mama anayerudi sokoni aweza kusoma, imepokea kiasi gani mwaka huu na imefanyia nini. Kama imepokea na imejenga, tutaandika katika gazeti hili kwa herufi kubwa zile zile tulizoandikia shule. Kama haikupokea, tutakwenda pamoja na meya wake kuuliza huko juu zaidi.

Jumamosi iliyofuata tulichukua daftari tukaenda nyumbani kwa yule mzee. Hatukwenda kumshinda, tulitaka aone kwamba tulimsikia. Alivaa miwani, akasoma polepole kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye mchwa alicheka hata akakohoa. Kwenye 1941 alinyamaza muda mrefu, akasema baba yake mdogo alikuwa uwanjani siku ile, akarudi nyumbani bila kiatu kimoja, na hakupenda mpira tena.

Kisha akasema: "Karani, kaa." Akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa la biskuti lenye kutu. Ndani mlikuwa na karatasi zake zote: kitabu cha kazi, hati za mshahara zilizofungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka, barua ya kuachishwa, na nakala za barua alizopeleka yeye mwenyewe kudai hesabu yake ya mwisho katika shirika moja ambalo hatulitaji. Barua kumi na nne. Kila mwezi, siku ya Jumatatu ya kwanza, mzee huyu huvaa koti na kwenda kuuliza, naye huambiwa arudi.

Tulimtazama. Tukamwuliza kwa heshima: "Baba, basi kwa nini ulituita wale tisa?"

Akasema: "Kwa sababu ninyi hamkuanza na asante. Mimi kila barua naianza na asante." Akatoa moja atuonyeshe. Ni kweli. Mstari wa kwanza alishukuru kwa miaka aliyofanya kazi, kwa afya, kwa wenzake wa tanuru, akawataja marehemu kwa majina. Mstari wa pili ulikuwa kiasi anachodai, mpaka senti.

Macho yake hayaoni vema tena, na mkono unatetemeka. Alituomba tuandike ya kumi na tano. Tulikaa naye mpaka jua likatua, yeye akisema, sisi tukiandika, mke wake akituletea munkoyo. Majina ya marehemu yameongezeka mawili tangu barua iliyopita, na kiasi ni kile kile. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao tutapanda basi pamoja naye. Tumekwisha kuomba ruhusa kazini.